Ulingo wa Fundi Vitanda

Baba mdogo ni fundi wa vitanda. Karakana yake iko Bwaise, katika divisheni ya Kawempe jijini Kampala, kando ya Barabara ya Bombo, katika ule msururu wa mafundi wanaopanga makabati, vitanda na mifupa ya sofa hadi ukingoni mwa lami, bodaboda wakipita kwa kujikunja. Maisha yake yote hakuwahi kupanda ulingoni wala kulipa kiingilio kutazama pambano. Lakini tulipomweleza kwamba tunataka kujenga ulingo wa mbao uani kwetu Kazo, hakuuliza kwanza vipimo wala fedha. Aliuliza, "Mtu akianguka, anaangukia nini?"

Tulicheka. Mpwa wangu mkubwa akamjibu kwamba bondia hodari haanguki.

"Basi huyo hodari hana haja na ulingo," akasema baba mdogo. "Apiganie hapo chini, mbao zangu zibaki."

Huo ukawa ndio mtihani wa kila ubao tulioupigilia. Watu wengi hudhani ulingo ni jukwaa, kitu cha kumwinua mpiganaji ili watu wamwone. Nilidhani hivyo pia, kwa kuwa ulingo niliozoea ni ule wa ukumbi wa Lugogo, wenye taa juu na matangazo pembeni. Ukiujenga mwenyewe, mikono ikiwa na vibanzi, unagundua kwamba karibu kila kilichomo kimewekwa kwa ajili ya yule anayeanguka, na anayesimama amepewa kidogo sana.

Ilikuwa mwaka 2020. Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi kwa sababu ya korona, na wakati ule hatukujua kwamba Uganda ingezifungua kikamilifu Januari 2022, baada ya kipindi kirefu kuliko cha nchi nyingine yoyote duniani. Vilabu vya ngumi navyo vilikuwa vimefungwa. Nyumbani kulikuwa na binti yangu na wapwa zangu wawili wa kiume, wote wa umri wa sekondari, wote wameshaonja glavu. Ua wetu ulikuwa na tangi la maji, mwembe mmoja na kamba za kuanikia nguo. Watoto wa umri ule wakikosa shule na mchezo kwa mara moja, ukuta wa ua hauwazuii. Kazo ina vichochoro vingi vya kutorokea, na vingi vinateremkia Bwaise ambako usiku una biashara zake.

Ngumi kwetu ni za ukoo. Marehemu baba alikuwa askari magereza Luzira, na huko kambini ndiko tulikotoka na Kiswahili chetu hiki, ambacho mitaani Kawempe kilitufanya tuonekane ama wageni ama watoto wa askari. Kwake historia ya nchi hii ilikuwa na tarehe zake pekee. Eridadi Mukwanga na Leo Rwabwogo wakirudi na medali kutoka Mexico, 1968. Ayub Kalule akitwaa ubingwa wa dunia wa ngumi za ridhaa Havana 1974, kisha mkanda wa WBA huko Japani 1979, kisha akisimamishwa na Sugar Ray Leonard katika raundi ya tisa mjini Houston, 1981. John Mugabi na fedha yake ya Moscow 1980, na ule usiku wa Machi 1986 alipomtoa Marvin Hagler jasho hadi raundi ya kumi na moja. Hata Idi Amin, ambaye mzee hakumpenda hata kidogo, alipewa haki yake ya kuwa bingwa wa taifa wa uzito wa juu mwepesi miaka ile ya hamsini. "Mtu muovu, lakini ngumi ya kushoto alikuwa nayo," alikuwa akisema, kisha anabadilisha mazungumzo.

Kawempe ina fungu lake katika habari hii, ingawa sifa nyingi huenda Naguru na Nakivubo. Katanga, lile bonde la mabanda kati ya Chuo Kikuu cha Makerere na Hospitali ya Mulago, liko ndani ya divisheni yetu. Humo klabu ya Rhino imewalea wasichana kama Hellen Baleke na dada yake Diana Tulyanabo katika mazingira ambayo mtu mwingine asingefugia hata kuku. Binti yangu aliwajua wale dada kwa majina kabla hajajua majina ya mawaziri.

Kocha wa watoto alikuwa anakaa Mpererwe. Vizuizi vilipolegea kidogo akaanza kuja kwa miguu, barakoa kidevuni, akikuta wamechora mraba kwa majivu kuzunguka mwembe. Aliutazama mraba ule akakunja uso. Vilabu vingi vya mitaani Kampala havina ulingo, vijana hufanya mazoezi kwenye saruji au udongo, na yeye alikuwa anajua hasara yake kwa undani. Kijana aliyelelewa kwenye sakafu wazi hujifunza kurudi nyuma bila mwisho. Akibanwa, anavuka mstari wa majivu, anacheka, anarudi. Siku atakapopanda ulingoni Lugogo, atarudi nyuma vilevile, mgongo utagusa kamba, na ule mshtuko mdogo wa kuguswa mgongoni na kitu ambacho hakukitarajia ndio mpinzani anaoungoja. Ulingo una kona. Kona inafundisha kuzunguka, kutoka kwa hatua ya pembeni, kumgeuza mwenzio ili yeye ndiye aliyebanwa. Mambo hayo, kocha alisema, hayasemeki yakaeleweka, mgongo lazima uyaguse.

Basi tukaamua kujenga. Ua ulikubali mraba wa mita 4.9 ndani ya kamba, yaani futi 16, ambao ni mdogo kuliko ule wa mita 6.1 unaotumika katika mashindano makubwa ya ridhaa, lakini katika ngumi za kulipwa si haramu. Nilijifariji kwa kusoma kwamba sheria za Queensberry za mwaka 1867, ambazo ndizo mama wa ngumi za leo, zilitaka mraba wa futi 24 lakini zikaacha mlango wazi kwa yeyote atakayeweza kukaribia tu. Na kabla ya hapo, sheria za London za mwaka 1838 zilitaka watu wapigane juu ya majani, nguzo zimechimbiwa ardhini. Mbao na turubai zilikuja baadaye, mchezo ulipohamia ndani ya kumbi.

Mbao tulizifuata Ndeeba. Mvule baba mdogo hakutaka hata kuusikia, bei yake ni ya watu wanaojenga hoteli. Musizi ni mwepesi na unakubali randa, lakini wadudu wanaupenda kupita kiasi. Kwa hiyo fremu ikawa ya paini, mbao za sita kwa mbili, na nguzo za kona zikawa za mkaratusi uliotiwa dawa, aina ileile inayobeba nyaya za umeme. Mkaratusi mbichi ni rahisi zaidi, na kila mwenye nyumba Kawempe ameshautumia kuezekea, lakini ukikauka unajipinda na kupasuka kwa sauti, na nguzo ya ulingo iliyopinda inalegeza kamba zote nne.

Hapo ndipo ufundi wa vitanda ulipodhihirika. Vijana walidhani hatari ni uzito, kwamba mabondia wawili na refa wanaweza kuvunja sakafu. Baba mdogo aliwaambia kitanda hakivunjwi na uzito, hata uwe wa mzee wa kilo mia na mkewe. Kinavunjwa na kutikisika. Msumari unaotikiswa kila siku hujichimbia nafasi, hulegea, halafu usiku mmoja unatoka. Ulingo, akasema, ni kitanda kisicholala. Akakataza misumari katika viungo vyote vinavyobeba, akataka bolti, nati na washa pana, na gundi pale ubao unapokutana na ubao. Paini ikiwa na unyevu husinyaa inapokauka, na bolti iliyokazwa leo inakuwa na nafasi ya kupitisha kucha baada ya wiki chache, kwa hiyo mpwa wangu mdogo akapewa spana na kazi ya kuzizungukia bolti zote kila Jumamosi. Alilalamika mwanzoni. Baadaye akawa ndiye anayeujua ulingo kuliko mtu mwingine yeyote, akisikia mlio tu anakuambia ni kona ipi.

Nguzo za kona ndizo zilizotuumiza kichwa. Kamba nne zikikazwa vizuri, kila nguzo inavutwa kutoka pande mbili, na mvuto wote unaelekea katikati ya ulingo. Ongeza bondia wa kilo 75 anayejitupa mgongo mzima kwenye kamba ya juu. Nguzo inataka kuinama ndani juu, na kwa sababu imeshikwa kwenye usawa wa sakafu, mguu wake chini unataka kukimbilia nje. Baba mdogo alichora jambo hili kwa mkaa ukutani, na mchoro bado upo. Suluhisho lake lilikuwa boriti mbili za mshazari chini ya sakafu, zinazotoka kona hadi kona na kupishana katikati, ili nguzo zinazovutwa zisukumane zenyewe kwa zenyewe. Miguu ya nguzo tukaichimbia karibu mita moja na kuimwagia zege. Mtu akipita uani haoni hata moja ya hizo boriti. Zimemeza siku nyingi za kazi kuliko kitu kingine chochote, na siku ya kwanza wageni walipokuja, walisifia rangi ya kona.

Sakafu tuliijenga kwa plaiwudi ya milimita 18 juu ya mbao zilizopangwa kila sentimita 40, viungo vikiwa vimepishana ili kusiwe na mstari mmoja mrefu dhaifu. Kisha likaja suala la ulaini, na hapa nilijifunza jambo ambalo lilikwenda kinyume na huruma yangu yote ya mzazi. Nilitaka kuweka godoro. Mafundi wa sofa Bwaise wanauza vipande vya sponji kwa bei ya kutupa, na tulijaza sakafu yote. Kocha akavua viatu, akapanda, akasimama kwa mguu mmoja na kuzunguka kama anayekwepa ngumi. Akashuka. "Toeni yote," akasema. Mguu unaozama haugeuki, na mguu usiogeuka wakati mwili umegeuka unapasua goti au kifundo. Sheria za mashindano ya ridhaa zinataka kitambaa kizito au raba ya unene wa kama sentimita moja na nusu hadi mbili, basi. Inatosha kumlinda kichwa anayeanguka, na haizidi kiasi cha kumwangusha anayesimama. Tukaweka mazulia ya zamani yaliyobanwa na raba ya gari iliyokatwa mikeka. Sponji ikahamia kwenye mito ya kona, ambako ina kazi ya kweli.

Nimewaona wazazi wengi, Kawempe na kwingine, wakiwatandikia watoto sponji kila mahali. Nami nilikuwa nimeshabeba magunia yake kichwani.

Turubai la lori la plastiki nalo kocha alilikataa kabla hatujalishusha kwenye bodaboda, kwa sababu jasho likidondoka juu yake panakuwa barafu. Tulipata la pamba kutoka kwa mafundi wa mahema, likashonwa vipande na kufungwa chini ya fremu kwa kamba ili lisikunjike.

Kuhusu kamba zenyewe, nina hadithi moja ambayo niliwasimulia watoto wakiwa wanazivalisha. Machi 1963, mjini Los Angeles, Davey Moore alipoteza ubingwa wa dunia wa uzito wa unyoya kwa Sugar Ramos. Katika raundi ya kumi alianguka na kisogo chake kikagonga kamba ya chini. Aliinuka. Baada ya pambano alizungumza na waandishi akiwa na akili zake timamu, kisha akazimia, na siku chache baadaye akafa. Ulingo wa wakati ule ulikuwa na kamba tatu. Ya nne ikaja baada ya hapo, na kamba zikaanza kuvikwa vitu laini. Leo vipimo vimeandikwa: sentimita 40 kutoka sakafuni, kisha 70, kisha 100, kisha 130, na kila upande vifungo viwili vya wima ili kamba zisiachane kichwa kikapita. Ukizisoma namba hizo kwenye karatasi ni hesabu za ofisini. Ukiwa unapima sentimita 40 kwa futi ya seremala, binti yako ameshika upande wa pili, unajua unapima mahali ambapo kisogo cha mtu kiligonga.

Zetu zilikuwa za nailoni, tukazipitisha ndani ya mpira wa kumwagilia bustani na kuzizungushia kitambaa. Katani ingekuwa rahisi lakini inachuna ngozi ya mgongo. Vikazio tulivipata sokoni Kisekka, vile vya kufungia mizigo kwenye malori.

Urefu wa jukwaa ndio uliozua mabishano. Ulingo wa mashindano huinuliwa kama mita moja kutoka chini. Baba mdogo alikataa. Ulingo wa namna hiyo, alisema, lazima uwe na ukingo mpana nje ya kamba, na kweli sheria zinataka sentimita 85 kila upande. Uani kwetu ukingo haukuweza kuzidi sentimita 30, upande mmoja kuna ukuta, mwingine kuna tangi. Mtu akipenya kamba anatua wapi? Kwa hiyo ukakaa usawa wa goti, miguu ya fremu ikiwa juu ya matofali ya zege kwa ajili ya mchwa na kwa ajili ya maji. Kazo iko juu kidogo, si kama wenzetu wa bondeni ambao mtaro wa Nsooba ukifurika vitanda vyao vinaelea, lakini mvua ya Aprili haina mpaka inaouheshimu.

Mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, alikuja siku ya pili ya mazoezi, kwa sababu mbao zikikanyagwa zinasikika hadi msikitini. Alidhani tunafanya mkutano wakati mikutano imekatazwa. Alikuta watoto watatu wa nyumba moja na mzee mwenye spana. Alizunguka, akainama kuchungulia chini, akagonga nguzo kwa kifundo cha kidole, akatupa masharti mawili: wasiokuwa wa nyumba hii wasiingie hadi serikali iruhusu, na wakati wa adhana kuwe kimya. Hajjati jirani akaongeza la tatu, kwamba nguo zake zisirushiwe vumbi. Tulijaza maranda ya mbao na mazulia mabovu chini ya sakafu, na ngoma ile ikapungua.

Usiku wa kuamkia tarehe 30 Desemba mwaka ule, Isaac Ssenyange, tuliyemwita Zebra, nahodha wa zamani wa timu ya taifa na mwalimu wa vijana wengi wa Bwaise, aliuawa kwa risasi na watu wa usalama karibu na nyumbani kwake. Asubuhi yake watoto hawakuvaa glavu. Walikaa ukingoni mwa ulingo, na wenzao wakaja mmojammoja bila kuitwa, na mwenyekiti hakusema neno kuhusu masharti yake. Walikaa hadi karibu na saa ya kafyu. Hakuna aliyekuwa amepanga kwamba zile mbao ziwe mahali pa kukalia msiba, ila zilibeba.

Mwaka uliofuata, tukiwa tumefungiwa tena, tulimtazama Catherine Nanziri kwenye Olimpiki ya Tokyo, mwanamke wa kwanza wa Uganda kupigana ngumi katika michezo hiyo. Binti yangu alisimama muda wote. Baada ya hapo wasichana waliokuja uani wakaongezeka kuliko wavulana, na ndio waliotumia kona vizuri zaidi, labda kwa sababu hawakuwa wamejifunza kwanza kurudi nyuma kwenye majivu.

Wengine huniuliza kama haikuwa kazi ya bure, maana wapo waliofika mbali bila mbao. Mukono kuna wale wanamieleka wa kwenye tope, nguzo za miti na kamba, dunia nzima imewatazama kwenye simu. Nawavulia kofia, tena nadhani wamelijibu swali la baba mdogo vizuri kuliko sisi. Mieleka ni mchezo wa kurushana, na kwa mtu anayerushwa kutoka begani, tope ni sakafu ya busara. Bondia hawezi kulitumia. Anahitaji mguu ugeuke.

Sasa kuna ugomvi mpya. Wapwa zangu wamekuwa watu wazima, wana klabu yao ndogo, na wanataka kuandaa mapambano ya mtaa kwa kiingilio. Wanasema ulingo wa usawa wa goti hauonekani kutoka nyuma, hakuna atakayelipa kutazama visogo vya waliokaa mbele. Wanataka upandishwe hadi mita moja. Baba mdogo, ambaye siku hizi anakuja na fimbo, anasema atafurahi kuupandisha, mbao zinaruhusu na bolti zipo, ila waje kwanza na sentimita 85 za ukingo pande zote nne. Wamemwonyesha ukuta. Amewaambia ukuta si wa Mungu, uliwekwa na fundi. Jana nimesikia wameshaenda kuzungumza na Hajjati kuhusu kuusogeza, na yeye ametaka kujua atalipwa nini, na kama binti yake atafundishwa bure.